Kichwa cha Neno ni Povu

Shaaaa.

Mlio ulitangulia. Ulitoka juu, nyuma ya migomba, mkavu na wa haraka, kama mtu anayeburuta matawi njiani. Macho yalikuwa bado hayajaona kitu. Mfereji unaopita nyuma ya jiko la Bibi Nakijwa ulikuwa ungali umelala kwenye vumbi lake. Wajukuu wake wawili, Elineema na Mbonea, walikurupuka na ndoo zao.

"Rudini," Bibi akasema, bila kuinua macho kutoka kwenye ungo wa maharage. "Hicho ni kichwa tu. Mtateka povu."

Na kweli likaja povu. Lilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, limebeba majani makavu, vijiti na kandambili moja iliyokatika. Wavulana wakaliangalia likipita, wakacheka. Bibi akapepeta maharage yake mara mbili, halafu akasema kwa sauti ya mtu anayeongea na watu wasiokuwepo:

"Kichwa cha neno ni povu, maji yapo mkiani."

Mbonea, ambaye kwa miaka yake kumi na mmoja hakuacha kitu kipite bila kukiuliza jina, akageuka. "Bibi, umesema neno. Hapa tunaona maji. Neno nalo lina povu?"

"Lina povu kuliko mfereji."

Kabla hajaendelea, mdogo wao Nanzia akatokea mbio kutoka shambani, miguu imejaa udongo, pumzi juu juu. Alikuwa na miaka sita.

"Bibi! Mama amesema makande mle..."

"Tumesikia!" Elineema akadakia, na mkono wake tayari uko kwenye kifuniko cha sufuria iliyokuwa karibu na mlango. "Habari njema husikika kabla mjumbe hajafika."

"Lakini mama amese..."

"Amesema tule. Unataka atuandikie barua?"

Mbonea akaangua kicheko. Nanzia akabaki mdomo wazi kidogo, kisha akaufunga, akaenda kukaa kwenye kigoda kando ya chungu kikubwa kilichofunikwa jikoni. Bibi naye alikuwa hajatia kitu tumboni tangu alfajiri isipokuwa kikombe cha strungi, na harufu ya makande ilikuwa imemfika. Akasogeza sahani.

"Mbona hayana chumvi?" Mbonea akalalamika.

"Mama yenu alikuwa na haraka ya shamba, amesahau," Bibi akasema.

Elineema akachota chumvi ya kutosha, akaitupia sufuriani, akakoroga. Nanzia akanyoosha kidole. "Bibi, hayo..."

"Kula, mjukuu wangu, kula. Nawasimulia." Bibi akaweka ungo pembeni na kunyoosha miguu. "Methali hii si mwana wa njiani. Ina mzazi, na ina siku ya kuzaliwa. Ilizaliwa hivi."

*

Wakati huo Bibi Nakijwa hakuwa bibi wa mtu. Alikuwa mtoto wa miaka minane, mwenye makovu magotini na sauti ya kuvuka bonde. Kijiji cha Kitala, huku milimani Upare, kiliishi kwa ndiva. Ndiva ni bwawa dogo la mawe na udongo ambalo mababu walilijenga juu mlimani, chini ya chemchemi. Chemchemi huijaza taratibu. Ikijaa, mwenye kuilinda huvuta kizibo, gogo zito lililoviringishwa majani ya mgomba, na maji hushuka kwa mfereji hadi mashambani.

Lakini kutoka mashambani hadi kwenye ndiva ni mbali, na sauti ya mtu wa chini hufia njiani. Kwa hiyo katikati ya mlima, juu ya jiwe jeupe lililoitwa Jiwe la Kati, alisimama mtoto. Mtoto huyo aliitwa mpokezi. Alipokea neno kutoka chini na kulipeleka juu.

Kupokea kulikuwa na adabu yake. Mtu wa shambani akiita, mpokezi huinua mkono, kumaanisha nakusikiliza. Hutulia hivyo mpaka mwitaji ashushe viganja alivyozungushia mdomo. Kisha humrudishia maneno yake, yote, kama alivyoyapokea. Mwitaji akijibu "Ndivyo!", hapo tu ndipo mpokezi hugeuzia uso mlimani.

Nakijwa alikuwa mpokezi mwepesi kuliko wote waliowahi kulisimamia jiwe lile. Watu walimwita Radi. Mwanzoni alifuata adabu yote. Baadaye akaona mkono unamchelewesha, akaacha kuuinua. Kisha akaona kurudisha maneno ni kazi ya wazito, akaacha kurudisha. Hakuna aliyemkemea. Maji yalifika upesi, na watu wakasema, "Huyu mtoto wa Senzota! Hujamaliza kusema, yeye ameshafikisha!" Walisema hivyo wakimsifu. Naye aliipokea sifa hiyo kama nguo mpya, akaivaa kila siku.

Mwaka ule mvua za masika zilipita mbali. Chemchemi ilikonda, ikawa inatoa maji kama mzee anayetoa siri. Ndiva iliyozoea kujaa kwa usiku mmoja ilichukua siku tisa. Maharage ya bonde zima yalikuwa kwenye maua, na hakuna aliyehitaji kuambiwa: maji haya yakifika, zitapatikana mbegu za kupanda mwakani, yasipofika, watu watakula mbegu walizonazo, na mwakani watakula mikono yao.

Asubuhi ya siku ya kumi, wanaume walikuta mfereji umetoboka kwenye kona iitwayo Kwa Nguku. Fuko walikuwa wamechimba ukingo. Senzota, baba yake Nakijwa, na wenzake sita wakaanza kuziba kwa udongo na vigogo vya migomba. Chini shambani, zamu ya kuita ilikuwa ya Namkunda, mama mdogo wa Nakijwa, mwanamke mwenye kifua kipana na sauti ya pembe.

Namkunda akaweka viganja mdomoni.

"Mpokeziiii! Mwambie Mrindoko afungue majiiii..."

Hapo akavuta pumzi. Bonde ni pana, na pumzi moja ya mtu haitoshi kulivuka. Viganja vyake vilikuwa bado mdomoni. Nakijwa aliviona. Maisha yake yote, hicho ndicho kilichomuuma kuliko kingine: kwamba aliviona, na miguu yake ikageuka hivyo hivyo.

"Babu Mrindokoooo! Fungua majiiii!"

Juu mlimani, mzee Mrindoko akainamia kizibo na kukivuta kwa nguvu zake zote. Ndipo mkia wa neno la Namkunda ukamfikia Nakijwa mgongoni, taratibu, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba iliyokwisha kuungua:

"...wakishaziba Kwa Ngukuuuu! Angoje filimbiiii!"

Alipiga kelele mpaka koo likakwaruza. Haikusaidia. Kizibo cha ndiva iliyojaa kikishatoka, hakuna mkono wa binadamu unaoweza kukirudisha mpaka maji yapungue yenyewe.

Shaaaa. Povu likatangulia. Likapita chini ya jiwe lake, likifoka, limejaa majani ya siku tisa. Nyuma yake yakaja maji yenyewe, mazito, yakinguruma. Kule kwenye kona, wanaume waliruka nje ya mfereji mmoja mmoja. Udongo mbichi ukaenda, vigogo vikaenda, ukingo ukaenda. Mto wa siku tisa ukapita katika tundu lile na kupotea vichakani, upande wa genge, lile poromoko refu.

Waliokuwa kwenye kona waliona hivyo: maji yameingia vichakani, na ng'ambo ya vichaka ni genge. Lakini Nakijwa alikuwa juu ya Jiwe la Kati, na kutoka pale mtu huona nyuma ya vichaka. Aliona kitu ambacho wao hawakukiona. Akaruka kutoka jiweni na kushuka mbio, mbio kuliko siku zote alizosifiwa.

Alikuta bonde lote limekusanyika. Baba yake alikuwa ametapakaa tope hadi kifuani.

"Umeona ulichokifanya?" Senzota akasema. Hakupaza sauti, na hilo lilitisha zaidi.

"Baba, maji haya..."

"Hayana nini? Hayana miguu? Yamekwenda!"

Namkunda akafika akihema, kanga imedondokea mabegani. "Nilikuwa bado nasema! Jamani, viganja viko mdomoni, nilikuwa bado nasema!"

"Mama mdogo, yame..."

"Yamemwagika, tuna macho! Masikio ndiyo huna wewe!"

"Radi imepiga nyumba yake," kijana mmoja akatupa neno, na watu wachache wakacheka kile kicheko cha watu wasio na la kufanya.

"Lakini kule nyuma ya..."

"Nyamaza!" Sasa walikuwa watu wengi, sauti moja juu ya nyingine. Huyu anasema asipewe tena jiwe. Yule anasema watoto wote wasipewe. Mwingine anauliza ni nani aliyemfundisha. Nakijwa alisimama katikati, mdomo wazi, neno limekaa kwenye ulimi kama mbegu ya embe isiyomezeka wala kutemeka. Na aliijua saa inavyokwenda. Kila neno walilomtupia, kule nyuma ya vichaka kitu kilikuwa kinapungua.

Ndipo Mrindoko akafika. Alikuwa mzee mrefu, mkimya, na alishuka akiwa amebeba kile kizibo begani, majani yake yanachuruzika mgongoni. Watu walidhani amekileta kama shahidi. Akakitua chini, akamtazama Nakijwa kitambo, kisha akawatazama watu.

"Nimehesabu nikishuka," akasema. "Mtoto huyu amefungua kinywa mara tatu. Mara tatu mmekifunga."

"Babu, ametumaliza huyu," Senzota akasema.

"Amekosa. Mimi pia nimekosa, maana ilikuwa kazi yangu kumuuliza, 'Rudia,' na sikumuuliza, kwa kuwa nilimzoea. Na ninyi mmekosa, maana ni ninyi mliomwita Radi. Mtoto alijifunzia wapi kukata neno la mtu kabla halijaisha? Kwa mbuzi? Mnamhukumu kwa kutongoja mwisho wa neno, na kwa mdomo huo huo mnamkata lake. Ninyi ni watu wa mfereji. Mnajua maji yakija hutanguliza nini. Nani kati yenu hunywa povu?"

Mrindoko akamgeukia mtoto, akapiga goti moja kwenye tope ili macho yao yalingane. Kisha akafanya jambo ambalo Nakijwa hajawahi kulisahau. Mzee yule, mlinzi wa ndiva, mwenye mvi, akainua mkono wake wa kulia juu, kama mpokezi jiweni.

"Sema, mama. Nakusikiliza."

Nakijwa akalia kwanza. Mkono wa mzee haukushuka. Alipomaliza kulia, akasema.

"Maji hayakufika kwenye genge. Yamegeukia nyuma ya miamba. Yameingia kwenye lile shimo ambalo zamani kina bibi walichimba udongo wa vyungu. Limejaa. Nimeliona kutoka jiweni. Lakini upande wa chini lina nyufa, na yanavuja."

Watu wawili watatu wakaanza kukimbia. "Simameni!" Mrindoko akaunguruma, mkono bado juu. Akamsubiri mtoto. Nakijwa akavuta kamasi, akaweka viganja mdomoni kama mwitaji, akaongeza:

"Msipite juu, ukingo ni laini. Utabomokea ndani. Piteni chini, na udongo."

Akashusha mikono yake ubavuni. Hapo ndipo mzee akasema, polepole, "Maji yamo kwenye shimo la udongo la kina bibi. Linavuja upande wa chini. Tusipite juu, ukingo utabomoka. Tupite chini, na udongo."

"Ndivyo," akasema Nakijwa.

"Sasa kimbieni," akasema Mrindoko.

Wakakimbia. Wanawake walivua kanga za mabegani wakazijaza udongo. Wanaume wakaziba nyufa, kisha wakachimba mfereji mpya kutoka shimoni hadi mashambani, hatua mia mbili na kitu, bila kupumzika, mpaka jua likaegemea. Walipata nusu ya maji. Si yote. Maharage ya sehemu za juu yalikauka, na shamba la Namkunda lilikuwa huko. Mwaka ule watu walikaza mikanda. Lakini mbegu zilipatikana, na Namkunda alikopeshwa mbegu na kila nyumba, mkono mmoja mmoja.

Nakijwa hakunyang'anywa jiwe. Alingoja anyang'anywe, na badala yake Mrindoko akamkusanya yeye na watoto wenzake kwenye kingo za mfereji na kuanza darasa lisilo na ubao. Aliwaambia wafumbe macho. Kisha alifungua maji kidogo huko juu. "Msinyooshe mkono mpaka mkia upite," alisema. Kichwa hukwaruza. Kiwiliwili hunguruma. Mkia ni mwembamba, unanong'ona, na mtoto asiyetulia haupati kamwe. Wa kwanza kunyoosha mkono alikuwa ndiye wa kwanza kuchekwa. Walipoyajua maji, aliwapa maneno. Mmoja anasema, mwenzake anangoja, anarudisha, anaulizwa: Ndivyo? Na neno la mtoto mdogo kabisa lilingojwa sawasawa na la mzee. Hapo hakukubali mzaha.

Na kila alipomaliza darasa, aliwatuma nyumbani na methali hii, maneno nane ya kwenda kuwaambia wazazi wao.

*

Macho ya Bibi Nakijwa yalikuwa yamepanda mlimani, mahali ambapo jiwe jeupe bado huonekana kati ya mikaratusi. Lina kishimo juu, kimechimbwa na nyayo za watoto wa miaka mingi. Siku hizi hakuna anayelisimamia. Mwenye zamu hupiga simu, na simu haihitaji mtoto wala haiinui mkono.

"Nalikumbuka lile tope kwenye goti la Mrindoko," akasema. "Hakulifuta siku nzima."

Elineema alikuwa anakwangua sehemu ya mwisho ya sufuria. "Kwa hiyo, Bibi, watu wale walikuwa wajinga tu. Mtoto anasema mbele yao, hawangoji amalize!"

"Hee," akasema Bibi. Ndipo akaona kwamba Nanzia, kule kwenye kigoda, alikuwa hajala hata punje. Sahani yake ilikuwa tupu na safi mapajani. "Na wewe mwenzetu? Huli?"

"Mama amekataza."

Kijiko cha Elineema kikasimama hewani.

Bibi akaangalia sufuria. Akaangalia chungu kikubwa kilichofunikwa. Taratibu, kama mtu anayenyanyua kitu kizito kuliko mkono wenyewe, akauinua mkono wake wa kulia.

"Sema, mama. Nakusikiliza."

Nanzia akanyanyuka ili aseme vizuri. "Mama amesema makande mle ya chungu kikubwa. Ya sufuria msiyaguse. Ni ya Mzee Sekiete, aliyekuwa anazibua mfereji tangu alfajiri. Ana presha, hali chumvi, kwa hiyo mama amempikia yake peke yake. Atapita kula jua likifika utosini." Akafikiri. "Basi."

Mbonea akatazama jua. Lilikuwa utosini.

"Ya chungu tule," Bibi akarudisha, na sauti yake ikaanza kutetemeka, "ya sufuria tusiguse, ni ya Mzee Sekiete, hali chumvi, naye yu njiani."

"Ndivyo," akasema Nanzia.

Bibi alicheka mpaka machozi yakamtoka, akayafuta kwa pindo la kanga, na alipoyafuta yakawa yanatoka bado. Miaka sabini alikuwa akisimulia kisa hiki. Leo alikuwa amekisimulia huku akitafuna povu.

"Elineema, washa moto. Mbonea, menya ndizi, nyingi, na mtu asiniletee chumvi. Mzee wa watu akifika tutamwambia ukweli, na mimi ndiye nitakayeanza." Wavulana wakatimua mbio, bila utani safari hii. Huko nyuma ya jiko mfereji ulikuwa umenyamaza, maji yanapita safi hadi kokoto zinaonekana.

"Bibi," akasema Nanzia, "kichwa cha neno ni povu?"

"Na maji yapo mkiani, mama yangu. Njoo hapa." Akamvuta mtoto kwa mikono yote miwili, akapiga goti moja kwenye majivu ya jiko, polepole kwa ajili ya mifupa yake, mpaka macho yao yakalingana. Kisha akasema kwa sauti, ili waliokuwa nje nao wasikie:

"Nanzia, nakuahidi mbele ya kaka zako. Kuanzia leo mpaka siku nitakayobebwa, ukifungua kinywa chako katika nyumba hii, nitangoja mpaka ushushe mikono."